Sura ya Saba: Kidude Kisicho na Taa

Inspekta aliingia chumba cha mafaili saa mbili na dakika kumi asubuhi, na hakuja kutafuta kitu. Alikuja kufunga. Ripoti yake ilikuwa mezani kwa Mkuu wa kituo cha afya tangu jana jioni, imetiwa saini kila ukurasa, na saa nne kamati ingekaa kumwondoa Bi Karani kazini baada ya miaka ishirini na miwili. Kilichobaki ni orodha ya vielelezo. Kila kifaa kilichomo chumbani kiandikwe, kipewe namba, kifungwe kwa utepe.

"Niandike na mimi basi," akasema Mzee wa Mafaili kutoka nyuma ya rafu. "Kielelezo namba moja: mzee mmoja, amechakaa, magoti hayana mafuta."

"Mzee wangu, leo tuache mzaha."

"Mzaha gani, mwanangu? Tangu Jumatatu hapa hakuna aliyecheka. Nilikuwa nalijaribu koo kama bado linafanya kazi."

Jumatatu ilikuwa kazi ya mikono yake. Siku hiyo, katika ukumbi wa kusubiri, mbele ya wagonjwa waliojaza mabenchi manne, alimwambia Bi Karani afungue mkoba. Akaanika kila kitu juu ya benchi: kitambaa, miwani, kitabu cha sala, dawa ya kikohozi na flashi moja. Flashi akaichomeka palepale kwenye kompyuta ya mapokezi, kioo kimewaelekea watu. Zikatokea picha arobaini za maziko ya mume wa Bi Karani. Faili lililokuwa likitafutwa halikuwemo. Lakini Inspekta alikuwa na nambari, na nambari, alisema siku ile kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa, haina shangazi wala mjomba.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Alhamisi ya wiki iliyopita faili la mgonjwa mmoja, mwashi wa mtaa ule, lilitoka nje ya kituo. Ndani yake mlikuwa na majibu ya vipimo yaliyosema kwamba ni yeye, si mkewe, asiyejaliwa kupata mtoto. Kabla jua halijazama, picha ya ukurasa ule ilikuwa kwenye simu za mtaa mzima. Mwashi aliiacha ngazi yake imeegemea ukuta wa nyumba aliyokuwa akijenga, na hajarudi kuishika tena. Mkewe, aliyeitwa tasa miaka saba, alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Karani. Sababu, basi, ilikuwepo. Na ruta ya kituo, ile inayogawa mtandao, ilikuwa imeweka kumbukumbu: saa tano na robo kifaa kimoja kilitoa nje mzigo wenye uzito uleule wa faili la mwashi. Kila kifaa cha mtandao huzaliwa kiwandani na nambari yake, kama gari na namba ya chasisi yake, na hazifanani mbili. Nambari ile iliishia na 7C. Ilikuwa ya kidude cha waifai kilichochomekwa kwenye kompyuta ya Bi Karani.

Inspekta alifungua daftari, akaanza kuandika.

Mezani palikuwa na kompyuta ya zamani yenye mgongo mpana, ambayo ndiyo ilikuwa na mafaili yote ya wagonjwa. Ilikuwa imewashwa. Wafanyakazi waliiita Kiziwi, kwa kuwa haijawahi kusikia mtandao; ndiyo maana Inspekta aliamini faili lilibebwa kwa flashi hadi kompyuta ya Bi Karani. Namba moja, kompyuta. Namba mbili, kibao cha kuandikia, herufi M imefutika. Upande wa kushoto, kwenye tundu la USB, palikuwa na kidude cheusi cha ukubwa wa kidole gumba. Akaandika: namba tatu, kidude cha waifai, kibovu. Akanyoosha mkono akichomoe.

Vidole vikasita.

"Mzee, hiki kidude kimekaa hapa tangu lini?"

"Hicho? Tangu vilipoletwa. Vilikuja sita katika boksi moja, vya msaada. Vitano vikakubali kwenye kompyuta mpya, hicho cha Kiziwi kikagoma. Fundi akasema walioviunda hawakumwandikia Kiziwi draiva, maana yeye ni wa enzi za babu zao."

"Draiva ni nini, kwa unavyojua wewe?"

"Mkalimani. Kompyuta ina lugha yake, kidude kina lugha yake, draiva anakaa katikati. Asipokuwepo, wanatazamana tu kama mimi na mkwe wangu."

"Na taa yake?"

"Wenzake wanapepesa taa ya kijani mchana kutwa. Huyu hajawahi kuwaka hata mara moja. Ni mfu huyo."

"Kishike."

Mzee akajikokota, akagusa kwa ncha ya kidole, akauondoa mkono upesi.

"Ala! Kina moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi."

"Umewahi kugusa mfu mwenye joto?"

"Nimeosha wengi, mwanangu," akasema Mzee polepole. "Wote baridi."

Inspekta alisimama. Kidude cha Bi Karani alikuwa nacho mwenyewe, katika mfuko wa plastiki wenye lakiri ndani ya mkoba wake, tangu Jumatatu. Alitoka bila kugusa kitu, akapita korido hadi mapokezi. Fundi wa kompyuta alikuwa amemfundisha jinsi ya kuufungua ukurasa wa ruta, na hatua zile alikuwa ameziandika: bonyeza hapa, andika hivi, ngoja. Akazifuata kidole kwa kidole. Kikatokea kiorodha cha vifaa vilivyoko mtandaoni dakika ile. Vilikuwa saba.

Cha tano kiliishia na 7C.

Akautoa ule mfuko wa plastiki, akausogeza kwenye mwanga. Lakiri ilikuwa nzima. Kwenye tumbo la kidude kilichomo, kwa herufi ndogo kama chembe za mchanga, paliandikwa nambari. Iliishia na 7C.

Akakitazama kioo, kisha mfuko, kisha kioo.

"Mzee!" akaita kuelekea korido. "Kichomoe!"

"Nini?"

"Kidude! Kichomoe kwa Kiziwi!"

"Nimekichomoa! Kinaniunguza!"

Alihesabu mpaka thelathini, akaufungua ukurasa upya. Vifaa sita. 7C haikuwepo.

"Kirudishe!"

"Amua moja, mwanangu, mimi si mtoto wa shule!"

Dakika moja ikapita. Vifaa saba. 7C ikarudi, imekaa mahali pake bila wasiwasi.

Aliporudi chumbani alikichomoa kwa mkono wake, akakigeuza. Tumboni mwake paliandikwa nambari nyingine kabisa, iliyoishia na 81. Basi kidude hiki kilizaliwa na jina moja, na mtandaoni kilikuwa kikijiita jina la mwenzake. Inspekta akalikata neno "kibovu" kwa mstari mmoja ulionyooka, kama utaratibu unavyotaka, ili kosa lisomeke.

"Nani huingia chumba hiki?"

Mzee hakutania safari hii. "Mimi. Bi Karani akileta karatasi. Na fundi."

"Alhamisi saa tano na robo ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa macho, chumba cha tatu hapahapa. Kadi yangu ninayo." Akaishika mifuko ya koti. "Na mimi unataka nianike vitu kwenye benchi?"

Inspekta aliyashusha macho kwenye daftari. "Hapana, mzee wangu. Nipe jibu tu. Ufunguo ulimwachia nani?"

"Fundi. Aliniambia nenda mzee, mimi nitampangusa Kiziwi vumbi."

*

Fundi hakuwa na ofisi kituoni. Alikodi meza katika duka la kutoa kopi lililo ng'ambo ya barabara. Watu walimwita Fundi Waya, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kalamu sikioni na bisibisi mfukoni kama wengine wanavyobeba kitana. Inspekta alisimama kwanza mlangoni akapima chumba kwa macho. Mashine ya kopi kushoto. Benchi la wateja ukutani. Meza ya fundi katikati, na kioo cha kompyuta yake kimelielekea benchi lile.

Akavuta kiti, akakaa. Akakiweka kidude mezani.

"Hiki unakijua?"

"Kile kibovu cha Kiziwi."

"Hebu kitazame tena."

"Afande, vidude vyote vinafanana."

"Ndiyo. Hiki na cha Bi Karani vimefanana mpaka nambari. Kimoja nimekifungia kwenye mfuko, na nambari yake iko mtandaoni asubuhi hii. Nieleze, mimi elimu yangu ni ndogo."

Fundi akaitoa kalamu sikioni, akairudisha. Nyuma yao mashine ya kopi ilikuwa inakohoa karatasi.

"Kiliwahi kukubali," akasema. "Siku chache."

"Siku chache, au mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Nani alikifanya kikubali?"

"Mimi."

Akaanza kwa shida, lakini alipofika kwenye kazi yenyewe ulimi ukalainika, kama mtu anayesimulia mtoto wake. Kampuni iliyokiunda kidude iliandika draiva za kompyuta mpya tu. Aliwaandikia mara mbili, hawakujibu. Watu kituoni wakamwambia akitupe. Mkuu akamwambia mbele ya wauguzi kwamba fundi asiyeweza kuunganisha kidude cha kidole gumba afadhali auze karanga.

"Nikasema draiva nitaiandika mwenyewe."

"Utaandikaje mkalimani wa lugha usiyoijua?"

"Kwa kutega sikio. Kompyuta ya Bi Karani inaelewana na kidude chake. Nikaweka programu katikati yao, inarekodi kila neno. Kompyuta inasema, amka. Kidude kinajibu, nimeamka. Inasema, kaa kwenye mkondo huu, tumia nguvu kiasi hiki. Ni maneno mia nne na zaidi kabla kidude hakijashika mtandao. Nikayaandika yote, nikayatia kwenye draiva yangu neno kwa neno, ili Kiziwi ayaseme vilevile. Siku kumi na tisa, Afande. Siku kilipokubali nilipiga makofi peke yangu mle chumbani."

"Mbona taa haiwaki?"

"Taa ina maneno yake ya pembeni. Niliyaruka."

"Na nambari? Hiyo nayo uliiruka?"

Fundi alikishika kidude, akakigeuza tumbo juu, akakigeuza tena.

"Katika yale maneno kuna mahali kompyuta inakiambia kidude: nambari yako ni hii. Nilitakiwa nisome nambari ya kweli ndani ya chipu ya hiki. Sikuona ilikokaa. Nikaiacha kama nilivyoirekodi, nikasema nitarudi kuirekebisha." Akatikisa kichwa. "Nilinakili mpaka kikohozi. Kama mwanafunzi anayeibia mtihani mpaka anaandika na jina la jirani yake."

"Jirani yenyewe ni Bi Karani."

"Ni Bi Karani."

Inspekta aliandika. Aliandika taratibu kuliko kawaida yake, na fundi akaingoja kalamu isimame.

"Sasa Alhamisi. Faili la mwashi ulilitaka kwa nini?"

"Sikulitaka!" Mwenye duka akageuka, fundi akapunguza sauti. "Nilikuwa najaribu draiva. Faili dogo linapita hata kwenye draiva mbovu, kubwa ndilo linalokuumbua. Nikayapanga mafaili kwa uzito, nikachukua la juu kabisa. Lile lina mapicha ya vipimo, ndiyo maana ni zito. Nikajitumia kwenye barua pepe yangu. Mara ya kwanza likakwama katikati. Mara ya pili vilevile. Nikarekebisha mistari miwili, mara ya tatu likapita lote."

"Hukutazama jina?"

"Nilitazama uzito."

"La mwashi, jirani yako, unayeazimana naye ngazi."

"Nilitazama uzito, Afande."

"Baada ya hapo?"

"Nikaja hapa. Nikalifungua kwenye kioo hiki, nione kama picha zimefika bila kukatika. Wakaniita, karatasi imenasa kwenye mashine ya kopi. Nikaenda." Hakulitazama benchi la wateja, lakini kichwa chake kilielekea huko. "Niliporudi walikuwa wanacheka. Mmoja alikuwa anarudisha simu mfukoni. Nikafuta faili. Nikadhani yamekwisha."

"Na ulijua lini kwamba nambari niliyomshika nayo Bi Karani inatoka kwenye draiva yako?"

Fundi alikirudisha kidude mezani.

"Jumatatu. Ulipoisoma ukumbini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na bisibisi mkononi."

"Ukakaa kimya. Mama wa watu anaanikwa mkoba, unamtazama. Picha za maziko ya mumewe zinapita mbele ya wenye mafua na wenye vidonda, unamtazama."

"Nilitaka kusema."

"Nini kilikuzuia?"

"Niliona aibu." Akainua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mekundu. "Halafu wewe ulikuwa unasema kwa nguvu sana, Afande."

Inspekta alikigeuza kidude mezani. Kilikuwa kimeshapoa.

"Kitu kimoja cha mwisho," akasema. "Alhamisi saa ile Bi Karani alikuwa kwenye kompyuta yake. Cha kwake kiko mtandaoni, na hiki kinaingia na nambari ileile. Ruta inafanyaje?"

"Inachanganyikiwa. Huyu akiingia yule anatolewa, yule akirudi huyu anatolewa. Wanafukuzana. Kwa Bi Karani mtandao lazima ulikuwa unakatika hovyo. Nashangaa hakulalamika."

Inspekta akalifunua daftari kurudi nyuma, kurasa sita, mpaka Jumatatu. Akasoma mistari miwili. Akaufunika ukurasa kwa kiganja, haraka, kabla fundi hajanyoosha shingo.

"Kuna nini?"

"Shika kalamu yako," akasema Inspekta. "Andika yote uliyoniambia, kwa mkono wako. Makofi uliyopiga, usiyaache. Na ukimaliza, chini yake andika kwamba leo utaifuata nyumba ya mwashi, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako kabla hajasikia kwa watu. Mimi nitakuwa nyuma yako. Baada ya hapo ni mimi na wewe kituo cha polisi."

"Atanipiga."

"Hilo sikuandikii."

*

Saa nne kasoro dakika kumi Inspekta alikuwa mbele ya meza ya Mkuu wa kituo. Aliichukua ripoti yake, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza IMEBATILISHWA, akatia saini na saa. Juu yake akaweka maelezo ya fundi. Mkuu aliyasoma amesimama. Alipofika mahali pa karanga alikohoa, akaruka mstari.

"Sasa, Afande," akasema, "haya tuyamalize humuhumu. Bi Karani nitamwambia arudi mezani kwake kesho, kimyakimya. Ni mtu wa Mungu yule, hana neno. Kwa nini tuamshe kilicholala?"

"Kimelala wapi?"

"Ukumbini watu wamejaa. Utajiaibisha."

"Jumatatu pia walikuwa wamejaa," akasema Inspekta, akatoka.

Bi Karani alikuwa ukumbini kweli. Aliambiwa angoje kamati, akakaa palepale alipokaa Jumatatu, benchi la pili, mkoba magotini, vifungo vyote vimefungwa. Amevaa nguo nyeupe iliyopigwa pasi. Watu waliokuwa karibu naye walikuwa wamejisogeza, wakaacha nafasi ya mtu mmoja kila upande.

"Bi Karani," akasema Inspekta. "Naomba tuzungumze kidogo ofisini."

"Kuhusu nini, Afande?"

Jumatatu alikuwa akimwita mwanangu, hata alipokuwa akifungua mkoba.

"Nimekosea. Si wewe. Nataka nikueleze vizuri, na nikuombe radhi."

"Ofisini?"

"Ndiyo, mama. Kwa heshima yako."

Bi Karani alimtazama muda mrefu, bila hasira, kama anayesoma fomu iliyojazwa vibaya.

"Ulinivua mbele za watu," akasema. "Sasa unataka kunivika uchochoroni?"

Mtoto aliyekuwa analia akapewa titi.

Inspekta akasimama katikati ya ukumbi, mahali alipokuwa amesimama siku ile. Akaeleza. Alisema kidude cha chumba cha mafaili kilikuwa hai, na kila mtu alidhani kimekufa kwa sababu hakina taa. Alisema mtu mmoja alikiandikia draiva kwa mkono wake, akanakili na nambari ya mwenzake, na kwa hiyo nambari aliyoisoma yeye Jumatatu kwa sauti kubwa ilikuwa ya uongo. Jina la mwashi hakulitaja, na Bi Karani alipoona halitajwi alishusha mabega kidogo. Alisema faili lilitoka kwa uzembe, si kwa chuki, na Bi Karani hakuligusa.

"Namrudishia jina lake safi," akamaliza. "Kosa ni langu. Sikupima, nikashtaki."

"Umemaliza?" akauliza Bi Karani.

"Nimemaliza, mama."

"Bado." Akanyanyuka, akiushikilia mkoba. "Miaka miwili faili lile nalijua. Mimi ndiye niliyeliandika. Mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu analia anaitwa tasa, nikampa maji ya kunywa, nikanyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi. Hilo nilikuambia Jumatatu."

"Uliniambia."

"Tena nilikuambia jambo jingine. Ukaandika. Halafu pembeni yake ukaandika neno moja, fupi. Sikuweza kulisoma, miwani yangu ulikuwa umeianika kwenye benchi." Akaivaa sasa, akasogea hatua moja. "Nimekaa siku mbili najiuliza lile neno ni nini. Nisomee."

"Mama..."

"Nisomee, Afande."

Inspekta akalifungua daftari. Halikuhitaji kutafutwa, ukurasa ulifunguka wenyewe.

"'Mtuhumiwa anasema: Alhamisi saa tano na robo nilikuwa natuma ripoti ya chanjo. Mtandao ulinikatikia mara nyingi, kama vile kuna mtu ananivuta kiti. Nilidhani kidude changu kimeharibika. Naomba mkiangalie.'"

"Ndiyo. Ndivyo nilivyosema. Na pembeni?"

Mlangoni Mzee wa Mafaili alikuwa amefika, kadi yake ya macho bado mkononi. Nyuma yake alisimama fundi, kichwa kimeinama. Inspekta akaweka kidole pembeni mwa ukurasa.

"Visingizio," akasema.

"Sauti," akasema Bi Karani. "Siku ile ilifika mpaka dirisha la dawa."

Inspekta akavuta pumzi, akalirudia. Dirishani, mtoa dawa akaacha kuhesabu vidonge.